Mashine ya Gashonga Ilivyoshika Kanzu Yangu

Najua mmeshaisikia, maana hapa Kamembe habari ya mtu aliyeaibika inafika sokoni kabla mwenyewe hajafika nyumbani, lakini mliyoisikia imetoka kwa watu waliokuja mwisho, na hao waliona tu mwanaume mzima amefungwa kikwembe, kitenge cha kike cha maua, kichwa kimejaa unga, anabishana na wageni wa heshima kama mtu aliyerukwa na akili. Ni kweli, nilikuwa mimi. Niliaibika vizuri kabisa, sitajificha nyuma ya mtu. Ila kabla hamjacheka mpaka mkalia nataka mjue jambo moja, ile swichi haikukosea hata kidogo, na leo mtu akija kuniomba niitoe nitamjibu vilevile nilivyowajibu siku ile.

Kwa asiyenijua, mimi ni Saidi, watu wananiita Papa Mariamu kwa jina la binti yangu, kazi yangu ni umeme wa mashine na karakana yangu iko hapahapa Kamembe. Siku moja alinijia Maman Vestine, mwenyekiti wa akina mama wa Gashonga wanaolima muhogo na kuusaga unga pamoja. Huyu mama alizaliwa na kukulia Bukavu, akaja huku wazazi wake waliporudi kwao, kwa hiyo Kiswahili chake ni kama chetu. Aliweka mkono wa kulia juu ya meza yangu, na mkono ule ulikuwa na vidole vitatu. Akanieleza kwamba umeme ulikatika wakati anasaga, mota ikanyamaza, naye akadhani mashine imelala, akainua kifuniko ili atoe kipande cha muhogo kilichokwama. Lakini zile nyundo za chuma ndani ya mashine hazisimami papo hapo, zinaendelea kuzunguka kimyakimya kwa nguvu zao wenyewe, na ukiwa huzioni huwezi kujua.

"Miye yangu yalishaisha," akaniambia. "Ila niko na bamama wengi pale, na batoto yabo bako nabo pembeni. Nataka kila muntu arudie kwake na mikono yake."

Mtu akikuwekea mkono kama ule mezani huwezi kumwambia njoo kesho. Nilipanda moto, hizi pikipiki zetu za kukodi, siku ileile tukaenda kuiona mashine.

Sasa kuchagua swichi ya kifuniko si kama kuchagua taa ya sebuleni, jamani. Ile ndogo ya kubonyezwa, ambayo kifuniko kikishuka kinaikandamiza na umeme unapita, niliikataa palepale, kwa sababu mwendesha mashine wao, Dodo (mwanaume wa miraba minne aliyesaga unga miaka mingi Bukavu, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa hasira), angeikandamiza kwa kijiti, akaifunga kwa kamba ya mgomba na kuendelea kusaga kifuniko kikiwa wazi. Ya sumaku nikaikataa pia, maana sumaku ya spika mbovu ingetosha kuidanganya. Nikachagua ya ulimi. Hiyo, swichi yenyewe unaifunga kwenye mwili wa mashine, ulimi wa chuma unaufunga kwenye kifuniko, kifuniko kikishuka ulimi unaingia tunduni na mota inakubali kuwaka, kikiinuliwa ulimi unatoka na mota inazimika. Niliiweka mbali na bawaba (wengi wanaiweka karibu na bawaba ili kupunguza waya, halafu kifuniko kinafunguka kiasi cha mkono mzima kupita kabla swichi haijajua lolote), na tundu lake nikaligeuza ubavuni ili lisitazame juu na kujaa unga. Nilirudi nyumbani kifua mbele.

Haikudumu. Nilipopita tena kuangalia, nilikuta kifuniko kiko wazi kama mdomo wa kiboko, mashine inanguruma, na kwenye tundu la swichi yangu kumechomekwa ulimi mwingine, wa akiba, unaning'inia kwa kamba.

"Dodo, hii ni nini?"

"Ni akili, Papa Mariamu," akanijibu akicheka. "Batu bako kwa mustari tangu asubuhi. Muhogo inakwama kila saa. Unataka nifungule na nifunge, nifungule na nifunge, miye niko mulango ya kanisa?"

Hapo kiburi changu kikaamka, na sioni haya kusema ni kiburi. Niliitoa ile swichi, nikaleta ya kufuli. Ndani yake kuna kipini kinachoushika ulimi, na hakiuachii mpaka mashine izimwe na upite muda wa kutosha nyundo kutulia. Ulimi wake una alama yake peke yake, ukileta mwingine hautambuliki. Skrubu nikatumia zile zinazokubali kuingia na kukataa kutoka. Halafu, na hili ndilo kubwa, kufuli lenyewe linahitaji umeme ili lifunguke, halihitaji umeme ili lifunge. Maana yake umeme ukikatika kifuniko kinabaki kimefungwa, kwa sababu vidole vya Maman Vestine viliondoka wakati umeme umekatika, havikuondoka wakati mwingine.

Swichi ya namna hii inakuja na ufunguo mdogo wa pembetatu wa dharura. Maman Vestine akataka ubaki Gashonga. Nikakataa. Nilimwambia ukibaki hapa Dodo ataugeuza kijiko chake cha kila siku, acha uende Kamembe, ukae karakanani kwangu ndani ya kopo la maziwa.

"Na siku ile kitu itakwama?" akauliza.

"Utanipigia simu, nitakuja nao."

Mnaona nilivyojifunga mwenyewe? Sikuona.

Basi akina mama wakaamua kuizindua mashine yao upya, na kwa sababu waliwaalika wageni kutoka wilayani, pamoja na mchungaji na watu wa vijiji vya jirani, ikawa ni shughuli kubwa yenye viti vya kukodi na mapambo ya migomba. Ilikuwa Ijumaa mchana. Niliwaambia nitaswali kwanza ndipo nije, na nilivyotoka msikitini nilirukia moto nikiwa na kanzu yangu nyeupe ya sikukuu, aliyonipa baba mkwe, na ovaroli yangu ya kazi nikaifunga ndani ya mfuko nyuma ya pikipiki. Mpango ulikuwa nifike, niingie nyuma ya jengo, nibadili nguo, nifanye kazi. Ndani ya kanzu nilikuwa nimevaa kaputula moja ya zamani ya kuchezea mpira, iliyoachana na mshono wake wa nyuma siku nyingi, nikijua kabisa ovaroli itaifunika.

Nafika, nakuta wageni wameshakaa, Maman Vestine ananiita jukwaani, watu wanapiga makofi, na mgeni mkubwa wa wilayani ananitazama kama mtu anayemtazama daktari. Nikajiangalia. Kanzu inang'aa. Nikajisemea moyoni, Saidi, hawa watu leo wakuone hivi, ovaroli ya nini? Nikashuka, nikamlipa motari, yule mwenye pikipiki, akaondoka zake, na mfuko wa ovaroli ukaondoka naye. Sikuushtukia hata kidogo. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo hivyo, wa mtu aliyetaka kupendeza kwa muda wa hotuba moja.

Mbele ya mashine kuna jukwaa dogo la chuma la kupandia, na ukiwa juu yake kifuniko kinakuwa usawa wa magoti yako. Nikapanda juu ili wote wanione. Nikaeleza vizuri sana (hata mimi nilijipenda), nikawaonyesha ulimi, nikawaonyesha tundu, nikasema, "Mashine hii ikizunguka, hakuna mkono utakaoifungua, wa mkubwa wala wa mdogo." Nikafungua kifuniko, nikakishusha kwa mbwembwe, tap, huku nimeshageuka kuwatazama wageni, nikampa Dodo ishara kwa mkono. Akabonyeza kitufe cha kijani.

Mashine ikanguruma, na mtu akanivuta kanzu.

Nilidhani ni mtu! Nikageuka kumwambia aache utani, na nikaona upindo wangu umeingia chini ya kifuniko, umebanwa ukingoni, na ncha yake iliyozidi iko ndani kule kwenye nyundo, inachapwa tatatatata kama inaadhibiwa. Kanzu ikanivuta chini mara moja, magoti yakagonga chuma, nikajikuta nimekilalia kifuniko kifua na tumbo, na nikapiga ukelele ambao siwezi kuuiga hapa kwa sababu haukuwa wa sauti yangu, nilimwita mama yangu, ambaye ni marehemu.

Watu wakapiga makofi.

Wallahi walipiga makofi! Walidhani ni sehemu ya maonyesho. Mchungaji hata alisimama. Maman Vestine peke yake ndiye aliyeelewa, akamfokea Dodo azime, na Dodo alikuwa anaupeleka mkono kwenye kitufe chekundu wakati umeme ulipokatika wenyewe, Gashonga yote, redio ya dukani ikanyamaza na spika ya mshereheshaji ikafa katikati ya neno.

"Kuran imeenda!" watu wakasema, yaani umeme, na wakaanza kusogea kunisaidia.

Mota ilikuwa kimya. Lakini mimi nilikuwa nimelala juu ya kifuniko, nikazisikia nyundo kupitia kifuani, bado zinazunguka chini yangu, vuuu, na kila mara zikiligonga lile tambara la kanzu. Dodo akaja mbio na mtaimbo.

"Fungula njia!" akawaambia watu. "Nainua hii kifuniko saa hii."

"Dodo, weka chini!"

"Papa Mariamu, nguo inakuvuta weye!"

"Acha ile nguo! Bado inazunguka. Ukiinua, wote mlioinama hapa mtapata nyundo usoni. Muntu asiguse!"

"Haizunguke, kuran imeenda, hausikie iko kimya?"

"Njoo uweke sikio hapa!"

Akasita. Aliupeleka mtaimbo kwenye ukingo wa kifuniko, akajaribu kuukandamiza, na ile swichi yangu ikamkatalia, kipini kimeushika ulimi, hata unywele haupiti. Akaweka sikio. Nilimwona macho yakimtoka. Akarudi nyuma hatua moja, na mtaimbo akaushusha mwenyewe. Tukasubiri hivyo, mimi nimelala kama mjusi, wao wamesimama, mpaka ule mvumo ukapungua, ukawa kama mtu anayepumua, ukaisha. Na mpaka leo nikilala kifudifudi kitandani nausikia.

Sasa mngesema shida imekwisha. Ndiyo kwanza ilianza. Nyundo zimesimama, lakini umeme haupo, na kufuli langu (nilivyolichagua mwenyewe, kwa akili yangu mwenyewe) bila umeme halifunguki. Dodo akauokota mtaimbo tena.

"Sasa imesimama. Navunja ile sanduku yako ndogo, unatoka."

"Huvunji kitu."

"Basi tukate kanzu."

"Kanzu ya baba mkwe haikatwi, na swichi ya hawa akina mama haivunjwi. Nipeni simu yangu."

Yule mgeni mkubwa akauliza kwa upole kama singeweza tu kuivua hiyo kanzu nikaiacha hapo. Nikamjibu kwamba si lazima, ufunguo unakuja sasa hivi. Sikuweza kumwambia habari za ile kaputula. Nikampigia mke wangu, simu inaonyesha chaji imebaki uzi.

"Halo, Maman Mariamu! Sikiliza haraka, simu inazimika. Ndani ya kopo la maziwa karakanani kuna ufunguo mdogo wa pembetatu. Ulete Gashonga, panda moto sasa hivi!"

"Kuna nini? Sauti yako iko namna gani?"

"Niko kwenye mashine. Imenishika."

"Imekushika? Imekushika wapi?"

"Chini…"

Simu ikafa.

Nilikuwa nataka kusema chini ya kifuniko, upindo wa kanzu, usiogope. Lakini alichokisikia ni hicho tu, nimeshikwa na mashine, chini. Nikaomba simu ya mtu nimrudie. Ikaletwa, na hapo nikagundua kwamba namba ya mke wangu, mwanamke niliyekaa naye nyumba moja miaka yote hii, siijui kwa kichwa. Ninayoijua ni yangu. (Msicheke. Nani hapa anaijua ya mke wake? Haya, aitaje.) Nikarudisha simu ya watu.

Watu hawakuondoka. Ningekuwa mimi nisingeondoka pia. Wengine walitoa simu kunipiga picha, mshereheshaji akaendelea na ratiba bila spika, kwaya ikaimba wimbo mzima huku mimi nimepiga magoti mbele yao kama ninayeiabudu mashine ya muhogo, na mchungaji alipoomba dua akaitaja "hali ya ndugu yetu Muislamu". Magoti yakaanza kufa ganzi. Mwisho Maman Vestine akapanda jukwaani, akaniinamia sikioni.

"Papa Mariamu, utabaki hapa hadi lini? Vula tu. Ndani umevaa nini?"

"Kidogo sana," nikamwambia.

Akaelewa. Akaita akina mama wawili, wakaleta kikwembe cha sare yao, cha maua makubwa mekundu, wakakitandaza kama pazia, nami nikaanza kujichomoa ndani ya kanzu kwa kichwa, na kwa vile pale juu pote pametanda unga wa muhogo na nilikuwa natoka kwa kusota, nikatoka mweupe kama mtu aliyefinyangwa kwa bugali. Na mama mmoja, Mungu amsamehe, akapiga chafya. Pazia likaanguka upande wake. Nikiwa nimeinama. Kaputula imewatazama wageni kutoka wilayani kwa mshono wake ulioachana.

Sijawahi kusikia kicheko cha namna ile. Kilipanda kilima kikarudi. Nilijifunga kikwembe kifuani na kichwa juu, nikasema kwa sauti, "Chekeni, mashine bado imefungwa!" kisha nikaenda nyuma ya jengo kwenye pipa la maji.

Sasa rudini Kamembe kidogo. Mke wangu alipiga ukelele mmoja, majirani wakatoka. Akawaambia mume wangu ameshikwa na mashine ya kusaga. Wa pili akamwambia wa tatu amesagwa. Kufika msikitini ikawa amekufa, na Mzee Abdala, jirani yetu mwenye kushughulikia mazishi, akachukua sanda na vifaa vyake, akasimamisha gari la mtu. Mwingine akapiga simu kisiwani Nkombo kwa shemeji yangu avuke. Mke wangu alikuwa mbele yao kwenye moto, ameushika ule ufunguo mkononi, kwa sababu aliambiwa aulete na yeye si mtu wa kusahau alichoambiwa hata akiwa analia.

Alifika Gashonga nikiwa bado nyuma ninanawa. Akapenya katikati ya watu, na alichokiona mbele ya mashine ni kanzu nyeupe ya baba yake inaning'inia kwenye kifuniko, tupu, mikono imelala chini, na hakuna mtu ndani yake.

"Bwana yangu iko wapi?" nilimsikia. "Munionyeshe hata kile kimebakia!"

"Bwana yako iko nyuma, Maman, anajiosha unga," Dodo akamwambia, lakini nani alimsikia, alikuwa ameshakaa chini ameshika kichwa, na gari la Mzee Abdala limeshafika, watu wanashuka wanalia kwa sauti. Nikasahau maji. Nikatoka mbio nyuma ya jengo, nusu nimenawa nusu sijanawa, unga umegeuka uji usoni, kikwembe cha maua kifuani, nikapaza sauti, "Niko hapa! Mbona mnalia?"

Mzee Abdala alinitazama, akasema "Inna lillahi," akarudi ndani ya gari na kufunga mlango.

Mke wangu alisimama. Akanijia polepole, akanishika uso kwa mikono miwili akaukagua, halafu mikono yangu, akahesabu vidole kimoja kimoja mbele za watu, halafu akanichapa kofi begani ambalo nalikumbuka kuliko harusi yetu, halafu akanikumbatia, unga na uji na yote, akalia hapo. Hakuna aliyecheka wakati huo. Alipomaliza akanitia ufunguo mkononi.

"Chini wapi, Saidi?" akauliza. "Chini wapi?"

Nikamwonyesha kifuniko kwa kidole.

Nikapanda jukwaani na kikwembe changu, nikaingiza ufunguo, nikazungusha, kipini kikaachia, kifuniko kikainuka. Kanzu ikatoka. Upindo wote wa kulia ulikuwa umekuwa nyuzi, na nyuzi zimepikwa pamoja na unga, huwezi kujua ipi ni nguo. Yule mgeni mkubwa akakohoa, akasema jambo ambalo naamini alilisema kwa nia nzuri, kwamba labda kifaa hiki kinaleta usumbufu, kimewaaibisha akina mama, na ingekuwa bora kikatolewa mpaka kipatikane kilicho rahisi zaidi. Dodo akamuunga mkono.

"Ni kweli. Bila ile swichi angefungula tu, akatoka."

Wapendwa, nilikuwa na kikwembe kifuani. Mguu mmoja haukuwa na kiatu. Lakini kama kuna siku niliyosimama wima katika maisha yangu ni siku ile.

"Ningefungua nini, Dodo? Wewe ndiye uliyekuja na mtaimbo nyundo zikiwa zinazunguka. Na mimi nilikuwa naogopa, nakwambia kweli, swichi ingekuwa ile ya kwanza ningeinua kifuniko mwenyewe kwa mikono hii miwili ili niiokoe nguo. Imenikatalia mimi niliyeifunga. Ndiyo kazi yake! Nimechekwa, nimepigwa picha, nimeombewa dua na nimeletewa wazikaji, na bado siitoi. Anayetaka kuitoa aje aitoe yeye, na akimaliza akae hapa kila umeme ukikatika."

Mgeni akatazama viatu vyake. Maman Vestine akapanda, akaichukua kanzu mikononi mwangu, akaupitisha ule upindo kwa akina mama mstari wa mbele, kila mmoja akaugusa kwa vidole. Uliporudi kwake akauinua juu kwa mkono wake ule.

"Hii ilikuwa kanzu," akasema. "Ya kwangu haikuwa kanzu."

Akashuka. Hakuna mjadala mwingine uliofanyika juu ya swichi, wala siku ile wala baadaye. Umeme ulirudi wakati tunakula.

Shemeji yangu alifika kwetu asubuhi yake kutoka Nkombo na kapu la sambaza, dagaa wetu wa ziwani, za msibani, akanikuta nakunywa chai, akakasirika kweli, akasema amevuka ziwa bure. Tulizikaanga. Kanzu mke wangu aliipunguza, sasa anaivaa mpwa wangu, mimi nimekatazwa kuiulizia. Pale mtaani wapo wanaoniita Marehemu, nami naitika, tena naitika haraka.

Kuhusu mafunzo, nakubali mawili na siongezi la tatu. La kwanza, sitasogelea tena kitu kinachozunguka nikiwa nimevaa nguo inayoning'inia, hata angekuja kunitazama nani, na ovaroli yangu sasa naivaa tangu nyumbani. La pili, ule ufunguo uko Gashonga, shingoni mwa Maman Vestine, na ni yeye peke yake anayeutumia, akishasikiliza kwanza kwa sikio lake kwamba nyundo zimelala. Ufunguo wa dharura kukaa Kamembe ulikuwa ukaidi, na hapo alikuwa sahihi yeye. Mengine yote yamebaki nilivyoyafunga.

Juzi alinijia mzee mmoja kutoka Gikundamvura, ana mashine ya kukoboa mpunga, kaitumia miaka mingi bila swichi ya kifuniko. Alikaa kwenye benchi langu, akanitazama sana, akauliza kama ni mimi yule wa Gashonga, nikamwambia ndiye, sema unachotaka kusema tumalize. Hakucheka. Akasema anataka ile swichi ya kufuli, hiyohiyo, ya kichwa ngumu. Nikachukua kalamu kuchora mahali bawaba zake zilipo, naye akawa anajikunakuna shingo.

"Mais, lakini fundi," akasema, "miye ndiyo mwenye mashine. Nikiwa na haraka, miye itanifungulia?"

"Weye ndiye wa kwanza itakayekukatalia, Mzee," nikamwambia. "Haya, kifuniko chako kinafungukia upande gani?"